Sumaku Ndani ya Soksi

Wiki iliyopita mliniacha nimeinama kando ya gari jeupe kwenye yadi ya Sabuni, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Niseme ukweli sasa. Viatu vile havina kamba.

Kwa aliyekosa sehemu zilizopita, mambo yako hivi. Mimi ni fundi wa bodi. Kazi yangu ni kunyoosha magari yaliyogongwa, kuziba matundu na kupaka rangi hadi mwenye gari asahau kilichompata. Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na minane. Amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Bibi, naye anaitika bila kinyongo. Bibi amepata leseni kwa jaribio la kwanza.

Kiwanda cha maziwa kimemwahidi kazi ya kukusanya maziwa kwa wafugaji wa mlimani. Sharti ni moja: Jumatatu asubuhi afike na gari lake, tena gari la porini, lile linalovuta kwa matairi yote manne, maana njia ya kule ni mawe na makorongo. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Nami, kwa kiherehere changu, niliapa mbele ya ukoo mzima kwamba gari la mtoto wangu nitalichagua mwenyewe. "Mimi nayajua magari kuliko wanaoyaunda," nilisema. Mke wangu hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu. Nikidanganya huwa nakuna sikio la kulia, tabia ambayo nimeshindwa kuiacha kwa miaka ishirini ya ndoa.

Tukaona gari la kwanza, ambalo mwenyewe alikataa kulizima kwa kuogopa halitawaka tena. Tukaona la pili, ambalo ndani ya taa yake kulikuwa na kiluwiluwi anaogelea. Hayo mmeshayacheka.

Hili jeupe lilikuwa la tatu, na siku ilikuwa Jumamosi.

Nilichoinamia ni taa ya mbele ya kushoto. Ilikuwa na kengeza kidogo, ikitazama pembeni badala ya barabarani. Kengeza lile nililijua. Nikapitisha mkono nyuma ya madigadi, kwenye vumbi na lami kavu, nikapapasa. Vidole vyangu vikakuta kishungi. Kisha mdomo. Kisha mkia.

Alikuwa jogoo.

Sasa turudi nyuma miaka saba, na mnisamehe mapema. Sabuni ni dalali wa magari, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumshika. Mwaka ule aliniletea gari la kijani lililobingirika korongoni. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepasuka katikati, na madigadi ya kushoto ilikuwa na tundu ambalo mbuzi angepitisha kichwa.

"Fundi," aliniambia, "wanunuzi wa siku hizi wanakuja na sumaku. Wakikuta puti, wanakimbia."

Ni kweli. Sumaku hunasa kwenye bati, haishiki kwenye puti, ule uji mzito tunaozibia matundu ya magari. Fundi mvivu akiziba tundu kwa puti tupu, sumaku inaanguka na siri inatoka.

Mimi si fundi mvivu. Nilikwenda nyumbani nikachukua kopo la biskuti la mke wangu, lile lenye jogoo mwekundu aliyevaa kofia, amechomoza kwenye bati hata ukimgusa umefumba macho unamjua. Mama mkwe alimpa mwanawe siku alipoolewa, naye alikuwa akiwekea vifungo na sindano. Vifungo nikavimwaga kwenye mfuko wa plastiki. Kopo nikalikata, nikaligonga nyundo, nikazibia tundu kwa ribiti, jogoo akitazama ndani. Juu yake nikapaka puti nyembamba, kisha rangi. Chesisi nayo nikaichomelea pale ilipopasuka, nikaifunika kwa lami nene.

Sumaku ilinasa kila mahali. Sabuni alinikumbatia.

Mke wangu alipokosa kopo lake alimshuku dada yangu, aliyekuwa ametutembelea siku ileile. Mawifi hao wawili hawajasemezana mpaka leo, nami miaka yote hiyo nimekuwa nikiwapatanisha kwa huruma nyingi.

Hayo ni madogo. Sabuni alimuuzia gari mwalimu mmoja mstaafu, mwalimu akamuuzia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Siku shemeji alipoliingiza uani kwetu akipiga honi, chai ilinipalia. Ningeweza kusema. Nilifuta mdomo, nikasema, "Hongera, shemeji."

Miezi minne baadaye chesisi ilikatika akiwa mlimani, naye akavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo, kila ukoo unapokutana, mtu mmoja huuliza ni fundi gani asiye na utu aliyelitengeneza gari lile, na wote humlaani. Mimi humlaani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mabaki yake nilidhani yaliyeyushwa zamani yakawa masufuria. Kumbe Sabuni aliyaokota, akayaunga tena, akayavika kibanda kipya na rangi nyeupe.

"Baba, umepoteza nini huko chini?" Bibi aliniuliza.

"Kamba."

"Kamba gani?"

"Basi, mwanangu. Hili gari silipendi. Rangi nyeupe inaonyesha uchafu."

Bibi alicheka. "Nakwenda kubeba maziwa, Baba. Nyeupe ndiyo yenyewe."

Nyuma yake alisimama shemeji, aliyekuja kama mshauri wa familia, mkononi ana karatasi ya karanga. Alilizunguka gari mara mbili akitafuna. "Gari kakamavu hili," alisema. "Si kama lile lililonivunja mimi."

Nilikubali kwa kichwa.

Bibi akafungua mkoba wake, akatoa sumaku. Sumaku hiyo niliing'oa kwenye spika mbovu alipokuwa na miaka kumi, nikamfundisha kuivalisha soksi isikwaruze rangi. Alikuwa akija karakana kila akitoka shule, anagonga magari ya wateja kwa soksi yake na kunitajia palipo na puti. Hakuwahi kukosea. Nilikuwa nikijivuna naye kwa kila fundi aliyepita.

Aligusisha boneti. Ikanasa. Mlango wa dereva, ikanasa. Akaja kwenye madigadi ya kushoto, nami nikamwomba Mungu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi, sumaku ianguke.

Ikanasa.

"Safi kote, Baba."

"Jaribu tena hapo."

"Nimejaribu mara tatu."

"Labda sumaku imechoka."

"Sumaku haichoki hivihivi. Wewe ndiye uliyeniambia." Akaiweka mkobani, na uso wake ukang'aa. "Jumatatu nakwenda kazini!"

Sabuni alipokwenda ofisini kuchukua ufunguo, nilifungua boneti nikasema nakagua mafuta. Nikalegeza nati ya betri. Sabuni akarudi, Bibi akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya.

"Loo! Mnaona?" nilipaza sauti. "Umeme umekufa. Magari yenye ugonjwa wa umeme hayaponi. Twendeni zetu."

Lakini Bibi alikuwa ameshashuka na kuinamia injini. Haikufika nusu dakika.

"Ni nati ya betri tu," alisema. "Tena imelegezwa sasa hivi. Ona, vumbi limefutika kwa vidole."

Alimtazama Sabuni kwa jicho baya. Sabuni akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Bibi akaikaza nati, akawasha, na injini ikaitikia mara moja.

"Mtoto huyu amefundishwa akafundishika," shemeji alisema kwa majivuno. "Hongera, shemeji."

Neno hilo liliniingia vibaya.

Sabuni alinivuta hadi nyuma ya rundo la matairi. "Fundi, mbona unaniharibia biashara?"

"Hili ni lile la kijani."

"La kijani? Wewe unaona kijani hapa?"

"Nimemkuta jogoo."

Akatabasamu. "Haya. Kamwambie binti yako. Kamwambie na yule mwenye bega. Mimi nitasimama pembeni nisikilize unavyoanza. Utaanzia wapi, kwenye kopo au kwenye chesisi?"

Nikaufyata. Tuliporudi, Bibi alikuwa ameshika usukani. Alitaka kulijaribu gari kwenye kilima nyuma ya yadi, penye mawe, aone kama gia ya kupandia inafanya kazi. Shemeji akakaa mbele. Nikapanda nyuma, maana ningesema nini?

"Viti vizuri," shemeji alisema. "Sijui kwa nini, nahisi kama tumeshakutana mimi na hili gari." Akajipapasa begani. "Na bega limeanza kuuma. Leo mvua itanyesha."

Jua lilikuwa likiwaka vilivyo.

Bibi alisimama chini ya kilima, akaingiza gia nzito kama nilivyomwelekeza, taratibu, bila kuikwaruza. Macho yetu yakakutana kwenye kioo cha ndani.

"Baba, nikikosea niambie mapema," alisema.

Niliona aibu. Nimeona aibu mara nyingi katika hadithi hii, mnajua, lakini nyingine zote zilikuwa za kuchekwa na watu. Hii hakuna aliyeiona ila mimi. Mtoto wangu alikuwa anapanda mlima kwenye gari nililolificha ugonjwa kwa mikono yangu, na aliyekuwa anamtegemea amwonye ni mimi.

Tairi la mbele likapanda jiwe. Chini ya kiti changu nikasikia mlio mdogo wa chuma, nyii, kama wa kijiko kinachokunjwa. Tairi la pili likapanda. Nyii.

"Simama!"

Bibi akakanyaga breki. "Kuna nini?"

"Tumbo!"

"Shemeji, umekula nini?" shemeji aliuliza.

Nilishuka mbio nikaenda nyuma ya kichaka, nikachuchumaa pale bila haja yoyote, nikiwaza. Nilijaribu kupanga maneno. "Bibi, unakumbuka lile kopo..." Hapana. "Shemeji, bega lako..." Hapana kabisa. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Nilipotoka nikawaambia tumbo langu halitaki milima, turudi yadini polepole, na mimi nitatembea kwa miguu pembeni. Wakanionea huruma wote wawili. Shemeji alinigawia karanga zake.

Tulipofika, mke wangu alikuwa anatusubiri. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, bado ana viatu vyake vyeupe, na begani amebeba mkoba uliokuwa na akiba yake ya miaka mingi. Bibi alimrukia.

"Mama, tumelipata! Sumaku imenasa kote, injini ni nzima, gia nzito inafanya kazi!"

Mke wangu alilitazama gari, akamtazama Sabuni ambaye alikuwa ameshaandaa hati na kalamu, kisha akanigeukia.

"Baba watoto, mimi sijui magari. Fundi ni wewe. Niambie neno moja tu. Mtoto apande hili, au asipande?"

Wote wakanitazama. Sabuni alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshalipwa. Bibi alikuwa na vumbi kwenye nyusi na furaha usoni, na nilijua nikilikataa gari hili Jumatatu yake imekwisha. Ulimini mwangu lilikuwa tayari lile neno la miaka saba iliyopita. Hongera. Hongera, mwanangu. Lilikuwa jepesi, lilitaka kutoka lenyewe.

"Asipande," nilisema.

"Baba!" Bibi alilia.

"Chesisi imechomelewa katikati. Itakatika."

Sabuni akaacha kutabasamu. Bibi hakunikasirikia. Alinitazama kwa makini, kama anavyotazama rangi asiyoiamini.

"Umejuaje?" aliuliza. "Hujalala chini ya gari hili hata mara moja. Wewe ndiye uliyenifundisha, usiseme la chini kabla hujalala chini."

Bibi akachukua tochi na gunia, akaingia chini ya gari mpaka vikabaki viatu vyake tu.

"Naona lami tupu," sauti yake ilitoka huko. Nikasikia kucha zikikwangua. "Ngoja. Chini ya lami kuna mshono. Kweli, Baba! Imechomelewa, tena mara mbili, na mshono mmoja umeanza kufunguka!"

Mke wangu alishika kifua. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akaubana, na macho yake yakalengwa na machozi.

"Ahsante, mume wangu," alisema. "Na wewe," akamgeukia Sabuni, "ungeniulia mtoto."

Shemeji alinipigapiga mgongoni. "Fundi wa kweli hata chini haangalii. Anahisi tu."

Ndugu wasomaji, nilikuwa shujaa. Kwa muda wa kama dakika moja nilikuwa baba bora, mume bora na shemeji bora, na nikaanza kufikiri kwamba labda ukweli hauna haja ya kusemwa wote.

"Halafu huku nyuma ya madigadi wameziba tundu kwa bati la kopo," Bibi aliendelea kutoka chini. "Ndiyo maana sumaku ilinasa! Huyu fundi ni mjanja sana, Baba."

"Mshenzi," shemeji alisahihisha. "Sema mshenzi."

"Mshenzi," nilikubali, kwa mazoea.

"Lami imebanduka. Kopo lina picha."

"Picha ya nini?" mke wangu aliuliza.

"Jogoo. Mwekundu. Amevaa kofia."

Mkono wa mke wangu ulikuwa bado umeshika wangu. Haukuniachia. Ulikaza.

"Na ndani huku," Bibi alisema, sauti sasa imepungua, "hawakufikisha rangi nyeupe. Gari hili lilikuwa la kijani."

Shemeji aliacha kutafuna. Mkono wake ukapanda polepole hadi begani, ukakaa pale. Alilitazama gari, kisha taa yenye kengeza, kisha mimi. Sabuni akasema simu inamwita ofisini, ingawa hakuna aliyesikia simu, akaondoka haraka.

Mke wangu alitoa simu kwa mkono uliobaki, akapiga namba ambayo hajaipiga kwa miaka saba.

"Wifi," alisema. "Ndiyo, ni mimi. Njoo hapa yadi ya magari, njoo sasa hivi. Hapana, hatujafiwa." Akanitazama. "Bado."

Bibi alitoka chini ya gari, nywele zimejaa vumbi la lami. Hakumtazama mama yake wala mjomba wake. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akatoa sumaku mkobani ikiwa bado na soksi yake, akaiweka kwenye kiganja changu cha kulia na kunifumbisha vidole.

"Uliponipa hii nilikuwa na miaka kumi," alisema. "Gari hili ulilitengeneza mwaka uliofuata."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo ulijua haisaidii, na ukaniacha niiamini."

Sikuweza kumtazama.

"Baba," Bibi aliuliza, "yapo mengine mangapi?"

Kulikuwa na jibu moja tu ambalo lingenifikisha nyumbani siku ile, na nililitoa.

"Hakuna," nilisema.

Sumaku ilianguka mchangani miguuni pake, kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafika sikioni.